Baiskeli ya chuma Bagamoyo: ilikotoka, na ipi ya kununua leo



Msimu uliopita mama mmoja wa Mlingotini alinisimamisha njiani. Kikundi chao cha kuweka na kukopa kilikuwa kimegawana, na mgao wake ulikuwa umefungwa kwenye pindo la kanga. "Bwana shamba," akaniambia, "nataka baiskeli. Inibebee mwani kutoka pwani mpaka kwenye chanja, na samaki mpaka mjini. Dukani wananionyesha ya gia, ina shokapu mbele na nyuma. Kijana wangu anasema hiyo ndiyo ya kisasa, ile nyeusi ya wazee imepitwa na wakati. Wewe unasemaje?"

Nikamwomba anipe wiki moja. Si kwamba sikuwa na jibu mdomoni. Swali kama hilo niliwahi kulijibu haraka, na bado linanisumbua. Miaka ya nyuma, upande wa Kiwangwa, wakulima wa mananasi waliniuliza, nikawaambia wachukue za gia kwa kuwa ni nyepesi na bei ilikuwa chini. Masika ya pili hayajaisha, nyingi zilikuwa zimeegeshwa nyuma ya nyumba. Kile kidude cha kubadilisha gia kimepinda, shokapu zimeota kutu, na moja, fremu yake ya alumini ilikatika shingoni na hakuna fundi aliyeweza kuichomelea. Mwenyewe alikuwa ameuza mbuzi wawili kuinunua. Hakunilaumu hata siku moja, na ingekuwa afadhali angenilaumu.

Kwa hiyo safari hii nilianzia mbali. Nilikaa na fundi mmoja mzee pale Magomeni ya Bagamoyo, nikatazama pia historia ya mji wenyewe, maana mji huu umejua habari za mizigo kuliko miji mingi ya nchi hii.

Mzigo wa frasila mbili

Bagamoyo ilijengwa na mabega ya watu. Karne ya 19 misafara ilitoka hapa kwenda Tabora na Ujiji, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja, na kila kitu kilibebwa na binadamu: nguo, shanga na waya wa shaba kwenda bara, pembe za ndovu kuja pwani. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Ukitaka kusafirisha tani moja, unahitaji watu zaidi ya 30, na watu hao lazima wale kila siku njiani.

Kwa nini hawakutumia wanyama? Walijaribu. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price wa London Missionary Society alipita na ng'ombe kutoka Saadani, kaskazini yetu hapa, mpaka Mpwapwa, akaona njia inafaa. Mwaka uliofuata wakaleta magari ya kukokotwa na ng'ombe. Ng'ombe wakafa njiani kwa ugonjwa wa mbung'o. Mfugaji wa Saadani au Mkwaja hahitaji kuelezwa zaidi. Kwa muda mrefu ukanda huu haukuwa na njia nyingine ya kusafirisha mzigo zaidi ya kichwa na bega.

Kisha mji ukapoteza hata hilo. Wajerumani walihamishia makao makuu yao Dar es Salaam mwaka 1891. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Mji wa Bagamoyo haukupata reli. Wapagazi wakakosa kazi, biashara kubwa ikahama. Lakini nazi ziliendelea kuangushwa, samaki waliendelea kuvuliwa, chumvi na muhogo viliendelea kutafuta mnunuzi, na vyote vilikuwa na umbali wa kati ambao gari haliji na kichwa kinachoka: kilomita 5, 10, 20. Pengo hilo ndilo baiskeli ilikuja kuliziba.

Baiskeli tunayoijua, yenye magurudumu mawili sawa na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma, ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1885, kazi ya John Kemp Starley wa Coventry. Mwaka 1888 daktari wa mifugo aliyekuwa Belfast, John Boyd Dunlop, akaleta tairi la upepo. (Kwa hiyo mtu wa mifugo ndiye aliyetuletea pancha. Wenzangu wa mifugo huwa hawapendi nikiwakumbusha.)

Ukitaka kujua lini ilienea kwetu, sikiliza majina. Mjerumani alituachia "shule". Lakini baiskeli, pedali, breki, spoki, tyubu na keria vyote ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Maana yake chombo hiki kilizoeleka kwa watu wengi baada ya Waingereza kushika Tanganyika, kuanzia miaka ya 1920 na kuendelea. Mwanzo kilikuwa cha karani, mwalimu na mwenye duka. Baadaye mwenye shamba la minazi, halafu mchuuzi wa samaki.

Kwa nini ile nyeusi ilikuwa vile

Hapa naomba tusimame kidogo, maana ndipo jibu la yule mama lilipo.

Baiskeli zilizokuja zilitoka viwanda vya Uingereza: Raleigh ya Nottingham, Hercules na BSA za Birmingham. Wakenya waliipa ile nyeusi jina la Black Mamba. Ilikuwa nzito, kilo 20 hivi, na watu hudhani uzito ule ni ushamba wa zamani. Sivyo. Itazame vizuri ukiwa umechuchumaa.

Fremu yake ni mabomba ya chuma cha kawaida, yameingizwa kwenye viungio na kuungwa kwa shaba iliyoyeyushwa. Bomba likipasuka, fundi yeyote mwenye mtungi wa gesi au mashine ya kuchomelea anaweza kulirudisha. Gurudumu la mbele lina spoki 32 na la nyuma 40, kwa sababu mzigo unakaa nyuma. Baiskeli nyingi za leo zina 36 na 36, au pungufu ya hapo. Foku yake imepinda kwenda mbele sana na baiskeli yenyewe ni ndefu, kwa hiyo ikipita kwenye mashimo chuma chenyewe kinanesa kidogo. Hiyo ndiyo shokapu yake, haina mafuta wala mpira wa kuchakaa. Mkono wa pedali umeshikwa na kotapini, kipande cha chuma unachokitoa na kukirudisha kwa nyundo. Gia ni moja tu.

Chombo hiki hakikubuniwa Bagamoyo, lakini barabara za vijijini Uingereza wakati ule zilikuwa za vumbi na kokoto, na karani wa posta wa huko naye alikuwa na mfuko mzito. Ndiyo maana kilipofika kwetu hakikushangaa.

Nguvu yake halisi inaonekana ukiacha kuipanda na kuanza kuisukuma. Mwaka 1954 huko Vietnam, kwenye vita vya Dien Bien Phu, wabebaji walifunga miti ya mianzi kwenye usukani na kwenye siti, wakasukuma mizigo ya kilo 200 na zaidi kwa baiskeli moja kwenye njia za milimani. Linganisha na frasila mbili za mpagazi wetu. Na huna haja ya kwenda Vietnam: mwangalie muuza madafu wa Dar es Salaam anavyopandisha mlima asubuhi, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye siti, na madafu yamefika kifuani.

Kutoka Nottingham kwenda Shanghai na Ludhiana

Baada ya Uhuru chanzo kilibadilika, umbo likabaki. India ilipopata uhuru mwaka 1947 iliamua kutengeneza baiskeli zake. Atlas ilianza 1951, Hero ya Ludhiana 1956, na mwaka 1986 Hero iliingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness kama mtengenezaji mkubwa kuliko wote duniani. China ilikuwa na Flying Pigeon ya Tianjin tangu 1950, na Phoenix ya Shanghai. Wote walichukua umbo lile lile la Mwingereza, kwa sababu wakulima wao walikuwa na barabara kama zetu.

Bidhaa za China zilizoeleka hapa hasa wakati wa ujenzi wa TAZARA, kati ya 1970 na 1975. Sehemu ya gharama za ndani za reli ile ililipwa kwa njia ya bidhaa: China ilituletea mali, shirika la biashara la serikali likaiuza, fedha ikaenda kwenye ujenzi. Nasi tulikuwa na yetu. Kiwanda cha umma cha NABICO, Dar es Salaam, kilitoa baiskeli za Swala. Mzee fundi anayo fremu ya Swala imening'inia ukutani na hataki kuiuza.

Kisha ikaja njaa ya bidhaa. Baada ya Vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta, nchi haikuwa na fedha za kigeni. Miaka ya mwanzo ya 1980 tairi lilikuwa mali ya kufichwa. Mzee anasimulia kwamba watu walijaza makumbi ya nazi ndani ya tairi badala ya tyubu, wakaenda hivyo hivyo kwa kishindo. Mnyororo ukikatika, aliutoa pini na kuuunga kwa kipande cha mnyororo mwingine wa kampuni nyingine, na ukakubali. Hilo la mwisho ndilo lililonishika. Chuma cha Nottingham, cha Shanghai na cha Dar es Salaam kilisaidiana kwa sababu vipimo vilikuwa vinakaribiana. Mtu hakuwa mtumwa wa duka moja.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao nje kuingiza bidhaa, na baada ya Mzee Mwinyi kuingia 1985 milango ikafunguka zaidi. Baiskeli zikarudi. Baadaye zikaja za gia, zikaja mitumba ya Japani, na kuanzia karibu mwaka 2010 pikipiki ikachukua abiria wote. Tukumbuke lakini kwamba "bodaboda" ni jina la baiskeli. Lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, Busia, kwa vijana waliovusha watu kwa baiskeli kutoka "border" hadi "border". Pikipiki imelirithi tu.

Sina ugomvi na pikipiki. Lakini mwenye mzigo wa kilo 60 mara tatu kwa wiki, kwa kilomita 12, akakopa pikipiki, mafuta na marejesho vitamla kabla ya mwezi kuisha. Nimewaona.

Kilichobadilika ni barabara

Ningekuwa nimemaliza wiki ile kwa kusema tu "nunua ya wazee" kama si jambo moja. Barabara ya kutoka Dar es Salaam ilifika Bagamoyo kwa lami mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ile ya Bagamoyo hadi Msata, kilomita 64, ikapata lami miaka ya 2010, na sasa mabasi na malori ya kaskazini yanapita Kiwangwa bila kuzungukia Chalinze. Zamani adui wa mwendesha baiskeli alikuwa tope la Ruvu. Leo ni basi linalokuja nyuma yake kwa kasi, naye ana tenga la samaki.

Na hapo baiskeli ya wazee ina kasoro kubwa ambayo wapenzi wake hawaisemi: breki. Zile breki za vyuma virefu zinabana rimu ya chuma iliyopakwa kromu. Ikiwa kavu, zinashika. Ikinyesha, rimu ya chuma inakuwa kama sahani yenye mafuta, na unaweza kubana mpaka vidole viume huku mzigo unakusukuma tu. Rimu ya alumini inashika vizuri zaidi ikiwa imelowa, na haioti kutu. Hapa kisasa kimeshinda, tukubali.

Nilimpa yule mama ushauri huu, nanyi naomba muuchukue.

Fremu iwe ya chuma. Ukiwa dukani, chukua sumaku, hata ile ya kwenye spika mbovu ya redio, uiguse kwenye bomba. Ikishika ni chuma. Isiposhika ni alumini, iache. Kisha tazama shingoni, pale mabomba mawili yanapokutana mbele, na chini kwenye ekseli ya pedali. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba ni ufa, si mkwaruzo. Kama ni mtumba, gonga bomba la chini kwa funguo: kukiwa na kutu ndani, sauti inakuwa butu na unga mwekundu unadondoka.

Usinunue jina. Raleigh iliacha kutengeneza fremu Nottingham mwaka 1999, kwa hiyo anayekuuzia mpya akakwambia "hii ya Mwingereza kabisa" anauza karatasi ya gundi. Nunua spoki, viungio na unene wa keria.

Usinunue shokapu za bei nafuu. Zinanyonya nguvu zako, zinashika maji ya chumvi, na huwezi kuzifungia mzigo. Gia nyingi pia hazina kazi kwa mtu wa Mlingotini, Kaole au Zinga, kwenye tambarare. Wa Kiwangwa na Msata mwenye vilima, akitaka wepesi, amwambie fundi abadilishe friwili ya nyuma kutoka meno 18 kwenda 20 au 22. Mwendo utapungua, mlima utakubali.

Mitumba ya Japani ya chuma ni mizuri kwa mtu anayekwenda dukani, shuleni au kazini bila mzigo mkubwa. Breki ya nyuma mara nyingi imefungwa ndani ya kikombe, mvua haiigusi. Ila tazama namba kwenye ubavu wa tairi kabla ya kulipa. Nyeusi ya wazee ni 28 kwa 1½, na kwenye tairi jipya utaona pia namba 635. Za Japani nyingi ni 27 kwa 1⅜, yaani 630, na tairi lake ni shida kulipata. Na kuna "26" mbili: 26 kwa 1⅜ ni 590, ya gia yenye tairi nene ni 559, na haziingiliani hata kidogo. Wengi wamenunua tairi la 26 Kariakoo wakarudi nalo hivyo hivyo. Uliza kwanza fundi wa kijijini kwako ana tairi gani ukutani. Hilo ndilo tairi lako.

Kuhusu mchanga, tairi nyembamba la 28 linazama. Ukiwa mtu wa ufukweni kila siku, fremu ya chuma isiyo na shokapu inayopokea tairi nene la inchi 26 ni bora, mradi iwe na spoki 36 na keria ya chuma iliyofungwa karibu na ekseli, siyo ile ya kushikilia bomba la siti peke yake.

Mwani una chumvi, na chumvi ndiyo itakayoiua baiskeli hiyo kabla ya mzigo. Maji yanayodondoka kutoka kwenye kiroba yanatua kwenye mnyororo na kwenye vichwa vya spoki. Weka turubai chini ya kiroba, suuza kwa maji baridi kila jioni, futa, kisha tia oili. Hata oili chafu ya gari ni bora kuliko kutotia. Mwambie fundi atoboe tundu dogo chini kabisa ya fremu, kwenye ekseli ya pedali, maji yatoke. Baiskeli nyingi za pwani huoza kutoka ndani na mwenyewe hajui.

Lilibaki suala la bomba la juu. Mama alitaka baiskeli ya kike, kwa sababu ya kanga, na kwa sababu hataki maneno ya watu kijijini. Ni haki yake. Lakini fremu ya kike ina shingo dhaifu chini ya mzigo. Nikamwambia achague ile yenye mabomba mawili yanayoshuka sambamba, siyo moja, na asizidishe kiroba kimoja.

Alipata nyeusi ya mtumba, ya kike, mabomba mawili, fremu nzima. Mzee wa Magomeni alimsukia gurudumu la nyuma upya, rimu ya alumini yenye matundu 40, na breki ya waya. Fedha ikaishia hapo. Gurudumu la mbele bado ni la kromu na breki yake ni ile ya zamani. Nilimwambia mpaka mgao ujao, siku ya mvua akifika kwenye lami na tenga la samaki, ashuke, aisukume pembeni mwa barabara. Wiki iliyopita nilimpita karibu na Kaole, manyunyu yanaanza. Alikuwa ameshashuka.